Mtoto wa Mbuzi Aliyekunywa Maziwa Matupu

Mama yake alikufa akimzaa, hapa Pate, na mume wangu alitaka kumpa jirani. Nikakataa katakata. Nilikuwa bado sijapata mtoto, nyumba ilikuwa kubwa na kimya, na kimbuzi kile cheusi kililia kama kinaniita mimi.

Nikamlea ndani, juu ya sakafu ya saruji. Maziwa ya ng'ombe kwa chupa asubuhi, adhuhuri na magharibi. Nikimwona analamba udongo mlangoni, nambeba mbio na kumfuta ulimi kwa kanga. Majani nilimnyima kwa kuogopa minyoo.

"Unamfuga mbuzi au umemtia ndani kama bi arusi?" mama mkwe aliniuliza.

Alipokaribia miezi miwili akaanza kulegea. Akipanda kizingiti, lazima apumzike. Alihema kama mzee, akalamba kuta, akalamba hata bawaba zilizoshika kutu.

Bahati nzuri afisa wa mifugo alikuwa amekuja kwa boti kutoka Amu kuchanja ng'ombe. Nikamkimbilia na mbuzi kifuani. Alimvuta kope la chini kwa kidole gumba.

"Tazama, Bi."

Palikuwa peupe kama karatasi.

"Ana minyoo?" nikauliza.

"Hutoka nje kula majani?"

"Hata siku moja."

"Kupe?"

"Hana! Namkagua kila siku."

"Sasa hula nini?"

"Maziwa," nikajibu kwa fahari. "Maziwa matupu!"

Yule bwana alicheka mpaka akaegemea ukuta. Kisha akanieleza. Chembe nyekundu za damu hutengenezwa ndani ya mifupa, kwenye uboho, na uboho hauwezi kazi hiyo bila madini ya chuma. Maziwa yana chuma kidogo mno. Mtoto wa mbuzi huzaliwa na akiba yake, na ya huyu ilikuwa imekwisha. Nyingine angeipata kwenye majani na udongo, ule ule niliokuwa nikimfuta ulimini! Niliona haya, halafu na mimi nikaangua kicheko.

Alimdunga sindano ya chuma, akaniambia nimfungulie mlango.

Kila asubuhi nilimchungulia kope. Siku za mwanzo sikuona kitu. Baadaye pakaja rangi hafifu, kisha waridi, na asubuhi moja pakawa pekundu hasa! Nilipiga vigelegele peke yangu uani. Furaha ikanipanda kichwani: nikamvuta kope paka, nikamvuta kope kuku, nikamvuta kope mume wangu akinywa chai. Nikamwendea na mama mkwe.

"Wata ito langu!" akapiga kelele niliache jicho lake, akinipiga mkono. "Mimi si mbuzi!" Lakini akaniachia nitazame, na akauliza kwa sauti ya chini, "Jekundu?"

Afisa aliporudi kwa chanjo nyingine alitaka kumwona mgonjwa wake. Mgonjwa alikuwa juu ya ukuta wa jirani, anatafuna asumini. Tukamkimbiza uchochoro hadi uchochoro, mimi na mama mkwe na yule bwana na mfuko wake wa dawa. Alituruka, akatuzunguka, akapita katikati ya miguu ya afisa, naye akaketi chini kwenye vumbi kwa kishindo.

"Basi, Bi," alisema, akitweta. "Huyu sina haja ya kumpima."

Mama mkwe alicheka mpaka buibui likamdondoka.