Shiromani ya Kwenda Mahajanga

Kitambaa cha pamba kilichonyunyiziwa maji kinapokutana na pasi ya makaa hutoa harufu ambayo sijaipata tena popote: mvuke, moshi kidogo, na nyuma yake utamu wa mlangilangi, kwa sababu bibi yangu alizoea kuloweka maua yake katika maji ya kunyunyizia. Nyumba yetu ilikuwa ukingoni mwa Hell-Ville, kisiwani Nosy Be, kando ya barabara iendayo Marodoka, na kila Alhamisi jioni harufu hiyo ilijaa sebuleni. Bibi, tuliyemwita Koko kama watu wa Komoro wanavyowaita bibi zao, alikuwa anapiga pasi shiromani yake. Hilo ni vazi la wanawake wa kisiwa cha Nzwani, shuka pana yenye wekundu na weupe, ya kujitanda kuanzia kichwani. Aliinyoosha, akaikunja, akairudisha sandukuni. Sikuwahi kumwona akitoka nayo nje ya ua. Mtoto mwingine angedhani ndiyo kawaida ya wazee. Mimi niliuliza kwa nini ananyoosha nguo asiyoivaa. "Isije ikasahau kazi yake," alijibu, akalowesha kidole kwa mate na kuigusa pasi, asikie inavyolia.

Mwaka 1979, nilipokuwa na miaka tisa, Baba alitangaza kwamba likizo ikifika tutakwenda Mahajanga kutembea, siku tatu tu, kuona jiji. Baba ni Msakalava wa hapo hapo kisiwani, fundi wa injini bandarini, na nahodha mmoja wa meli ndogo ya mizigo alikuwa amemwahidi nafasi kwa sisi sote wanne: yeye, Mama, Koko na mimi. Safari yangu ndefu kuliko zote hadi wakati huo ilikuwa kuvuka kwenda Nosy Sakatia kwenye harusi. Nilikuwa nimesikia kwamba Mahajanga mtu hupanda kigari cha magurudumu mawili kiitwacho posiposi, akavutwa na mtu mwenzake mbio, na kwamba bahari ya huko ni nyekundu. La posiposi niliamini. La bahari nilikataa, nikamwambia Koko kwamba bahari ni moja na haiwezi kubadili rangi kwa kubadili mji. "Kaone mwenyewe, Bi Hakimu," akasema. Hilo ndilo jina alilonipa kwa sababu ya maswali yangu.

Yeye hakuhitaji kwenda kuona. Alizaliwa Mahajanga, akaolewa huko, akamzaa Mama huko, katika mtaa wa Mahabibo, na angebaki huko kama si yaliyotokea mwisho wa mwaka 1976. Nyumbani tulisema tu "wakati wa fujo". Nilikuwa mkubwa nilipoelewa kwamba katika siku chache zile watu wa asili ya Komoro waliuawa mitaani kwa wingi, na walionusurika, maelfu kwa maelfu, wakapelekwa Komoro, wengi wao wakiwa hawajawahi kuiona. Majirani wa Koko waliondoka hivyo. Yeye alikuja kwetu na sanduku moja.

Kwa hiyo mpango wa safari ulikuwa mikononi mwake. Jioni, akichambua mchele, aliusambaza kwenye ungo na kuchora jiji kwa kidole. Huu ni ufuo. Huu ni mtaa wa Wahindi, wenye milango ya kuchonga. Tembeeni upande huu asubuhi, upande ule alasiri, kivuli hakitawaacha. Hapa asubuhi mle khimo kwa mkate wa moto, ni nyama ya kusaga yenye viungo, na huyu mtoto msimpe pilipili. Jioni mpunge upepo ufuoni kama watu wengine, mle mishikaki, msiharakishe. Punje za mchele zilizobaki kati ya njia zilikuwa nyumba, na baadhi yake alizitaja kwa majina ya wenyewe. Niliikariri ramani ile kuliko nilivyopata kukariri somo lolote.

Mgogoro ulikuja kwa sababu ya nguo. Mama alileta lambahoany za sare, yaani kanga za Madagaska, zilizoandikwa methali ya Kimalagasi upindoni: yake, yangu, na ya Koko.

"Mama, utavaa hii," alisema. "Tutapendeza."

Koko aliipapasa, akaiweka chini. "Cha kuazima hakisitiri matako."

"Sijakuazimia. Nimekununulia."

"Umeninunulia sura ya mtu mwingine. Mji ule ulinijua na shiromani. Nitaingia nayo, au siingii."

Baba alitoka nje kutazama hali ya hewa, ambayo haikuwa na lolote. Mama akasema polepole, "Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mimi naogopa, Mama. Sioni haya kusema."

Nimeishi na methali tangu kuzaliwa na sijawahi kuziamini moja kwa moja. Hata siku ile niliona hii ina pengo. Nikauliza, "Kwani nani amekwenda kuangalia kama nyoka bado yumo?"

Mama aliniambia nikateke maji. Lakini Koko alicheka, akanishika mkono. "Basi aende Bi Hakimu akaangalie. Usiniletee zawadi, mwanangu. Waangalie wanawake. Ukiona shiromani, uje uniambie umeiona wapi. Habari ikiwa njema, mwakani nitakuonyesha mji mwenyewe." Tangu dakika hiyo posiposi ilipungua thamani. Nilichotaka ni Mahajanga ya ungoni, na mwenyewe akiwa pembeni yangu, akitembea bila kuharakisha.

Tulikwenda watatu. Bahari ilikuwa nyekundu kama tofali, kwa udongo unaoletwa na mto Betsiboka, na nikakubali kwamba nilikosea. Kila kitu kilikuwa mahali alipokichora: kivuli, milango, mkate. Ufuoni jioni nilitazama wanawake mpaka Mama akanikanya kwamba kukodolea watu macho si adabu. Niliona lambahoany za kila rangi. Shiromani sikuona. Siku ya mwisho Mama alimwomba mvuta posiposi apitie Mahabibo, kisha akakaza macho mbele njia nzima, kama mtu anayebeba ndoo iliyojaa. Mimi nilitazama pembeni. Mwanamke alifungua lango kumwaga maji, na nyuma yake, kwenye kamba uani, niliiona. Lango likafungwa.

Koko alikuwa na ungo mapajani nilipomweleza. "Kamba ilikuwa upande wa barabara, au ndani?"

"Ndani. Katikati ya mashuka mawili."

"Mashuka yameificha huku na huku?"

"Ndiyo. Lakini ipo, Koko."

"Ipo," alikubali. Akausawazisha mchele kwa kiganja, njia zote zikafutika. "Lakini bado."

Kila aliyesafiri kwenda Mahajanga baada ya hapo alipewa kazi ileile, na kila jibu lililetwa mbele ya ungo. Bado. Wakati huohuo hakuacha kutupangia safari yake, akiongeza vituo, kana kwamba siku tatu zinaweza kunyooshwa kama kitambaa. Alifariki nikiwa chuoni Dar es Salaam, nikijifunza lugha hii ninayoandikia, ambayo maneno yake ya sala na ya baharini niliyakuta tayari kinywani mwangu kwa sababu ya Koko. Huko nilifundishwa kudai ushahidi, na nimewahi kukicheka kipimo chake: mji mzima kuhukumiwa kwa kamba ya nguo. Mwaka jana nilikwenda Mahajanga peke yangu, shiromani yake ikiwa ndani ya begi. Mahabibo, kwenye ukingo wa baraza ya ghorofani, shiromani ilikuwa inachuruzika maji juu ya wapita njia. Mwanamke mwenye nayo alikuwa chini, akimsuta mvuta posiposi aliyelalamika kwamba amelowa. Nikamwamkia, nikamuuliza kama huianika nje siku zote.

Alinitazama kama anayemwona mtu asiye na akili timamu. "Jua liko nje, mwanangu. Ningeianika wapi?"

Jibu hilo bibi yangu alilingoja hadi kufa, na mwenye kulitoa hakujua kwamba ni jibu. Niligeuka nitafute wa kumwambia. Kivuli kilikuwa upande uleule, mkate ulinukia palepale, na ufuoni nilipunga upepo bila kuharakisha, lakini jiji lililokamilika nililiona kwenye ungo nikiwa na miaka tisa, kabla sijafika. Sasa nina pasi ya umeme, ambayo hailii ukiigusa, na maji ya kunyunyizia nayachota bombani. Leo ni Alhamisi. Nimeifua shiromani na kuianika nje, upande wa barabara, ambako watu wa hapa Dar es Salaam, ninakoishi, wanadhani ni pazia. Hakuna wa kuigusa, najua. Hata hivyo, tangu nianze kuandika, nimeshainuka mara kadhaa kwenda kuitazama.