Mishale Minane ya Mathenge

Mukendi alirithi kwa baba yake sheria moja ya kazi, na hakuwahi kuivunja mpaka mwaka ule wa kiangazi. Mti wa mshale haupasuliwi kutoka kwenye gogo. Huukuti ila porini, umekua wenyewe kwa kipimo chake: chipukizi la mkole lililonyooka, unene wa kidole cha mwisho. Unalikata bichi, unalimenya, unalifunga fungu moja na wenzake ili lisipinde, unalikausha kivulini mwezi mzima, ndipo unalinyoosha juu ya makaa. Chipukizi lina nyuzi zake zote toka shina hadi ncha. Gogo likitiwa msumeno, nyuzi hukatwa upande, na mshale wa namna hiyo unangoja tu siku yake ya kuvunjika.

Kwa miaka kumi na mmoja, tangu afike kambi ya wakimbizi ya Kakuma kutoka Kalemie na mkewe Élisabeth, kikundi cha walenga shabaha cha kambini hakikutaka mishale ya mtu mwingine. "Ni ya Mukendi," walisema, na neno hilo lilitosha.

Mwaka ule mvua haikunyesha. Alikwenda Lopur, kwenye laga, yaani mto mkavu, kwa mama wa Kiturkana aitwaye Atabo, ambaye ukoo wake ndio wenye miti ya ukingo ule. Atabo alizoea kumruhusu kukata.

"Ejok, Mukendi," alimsalimu. "Leo mbuzi wamekutangulia."

Kweli, machipukizi yalikuwa yameliwa hadi chini. Alizunguka siku tatu akapata ishirini na mawili. Kikundi kilihitaji mishale thelathini kwa mashindano ya Lodwar, naye alikuwa ameshaahidi. Basi akachukua gogo kavu la mti wa miiba uitwao mathenge, gumu kama pembe, akapasua vipande vinane, akavichonga mviringo. Kisha mishale yote, mizuri na mibaya, akaipaka mafuta yale yale meusi hadi yeye mwenyewe asiweze kuitofautisha. Ndivyo alivyotaka.

Alhamisi jioni, katika mazoezi, mshale mmoja ulikatika kabla haujatoka kwenye upinde. Kibanzi chake kilimwingia Manyok, mmoja wa wapigaji, katika kiganja cha kushoto na kutokea upande wa pili.

Mukendi alipomtembelea zahanati asubuhi, Manyok alijaribu kucheka huku jasho likimtiririka. "Fundi, shabaha yako leo ilikuwa mimi?"

Kibanzi kilikuwa kwenye sahani ya bati kando ya kitanda. Mukendi akakiinua kwenye mwanga wa dirisha. Nyuzi zilikuwa zimekatwa mshazari. Akakirudisha sahanini.

"Wenzako wako wapi?"

"Wamekwenda Lodwar alfajiri na mwalimu Shadrack. Wanaanza saa nane."

"Na mishale hii hii?"

"Shadrack anasema nilivuta vibaya. Nani atasema mshale wa Mukendi ni mbaya?"

Mishale saba ya aina ile ilikuwa bado funguni. Mikono saba. Akampigia Shadrack simu; ikaita, ikakatika. Akapiga tena, hivyo hivyo. Alikwenda nyumbani kuchukua shati, akaeleza yaliyotokea, na Élisabeth, aliyekuwa mwalimu kule kwao na hata kambini hakutoka nje bila kitambaa kilichopigwa pasi, akasimama mlangoni.

"Baba Elyse, ukifika kule utasema nini? Eti ulibadanganya?"

"Nitasema hivyo."

"Batu batatuchekelea mpaka tuzikwe! Nyumba hii ilikuwa na jina mbele ya kupewa karatasi ya ukimbizi. Ndilo tulilotoka nalo. Tulikuja na kingine?"

Alimpita kwa ubavu, akavaa shati njiani.

Alifika Lodwar saa tisa. Uwanja ulikuwa vumbi tupu na jua lilikuwa kali kama tanuri. Raundi ya kwanza ilikuwa imekwisha salama, na watu wake walikuwa wakishangilia. Mukendi akaingia moja kwa moja kati ya wapigaji na shabaha.

"Mzee, toka hapo! Utachomwa!" Shadrack alipuliza filimbi.

"Nipe mishale yangu. Yote."

"Kuna nini?"

"Mingine si mkole. Niliwadanganya."

Levis, mpigaji wao bora, akamrushia fungu miguuni. "Ipi sasa? Toa hiyo tuendelee."

Akapiga magoti, akaanza kuipinda mmoja mmoja juu ya paja. Mkole ulipinda na kurudi. Mathenge ulilia *ka!* na kila mlio ulimpata kifuani. Alipomaliza, mishale sita ilikuwa imevunjika.

"Imeisha?" Shadrack aliuliza. "Waamuzi wanangoja."

Angeweza kusema ndiyo. Hakuna aliyejua hesabu ila yeye.

"Bado mmoja."

"Upi?"

"Sijui."

Akarudia kuipinda yote. Hakuna uliokatika. Basi akaokota jiwe, akalaza mshale wa kwanza juu ya jiwe jingine, akaupondaponda. Mkole: nyuzi zilichanuka zikakataa kuachana. Akachukua wa pili. Mkole. Kila mmoja ulikuwa ni jasho la kuzunguka Lopur na mwezi wa kungoja, naye aliuponda huku machozi yakimshuka bila sauti.

"Aki huyu mzee ametumaliza," mmoja alinong'ona.

Wa kumi na tisa ulikatika safi, kama chaki. Akatupa jiwe. Mbele yake ilibaki mishale minne.

"Hii ni mizima. Chukueni."

Hakuna aliyenyoosha mkono. Levis alitazama pembeni. "Hata ile ulisema ni mizima, mzee."

Mukendi akasimama, akachukua upinde wa Levis mkononi mwake bila kuomba. Hakuwahi kuwa mlengaji. Baba yake alimfundisha kuchonga tu. Akapachika mshale kwenye upote, akavuta hadi sikioni, kiganja cha kushoto kikiwa wazi pale pale kilipotobolewa cha Manyok. Akaachia. Mshale ukapita juu ya shabaha, ukaenda kuchoma vumbi. Wa pili ukaenda kushoto. Wa tatu ukawafanya waamuzi waruke. Wa nne ulianguka katikati ya njia. Akageuka, akawaonyesha kiganja chake, kizima.

Kicheko kilianza nyuma, kikasambaa. Levis alishika kiuno.

"Mzee, kulenga hakukupendi kabisa," alisema. Kisha akatembea hadi kwenye vumbi, akainama, akaanza kuokota mishale ile minne.