Zulia la Mwalimu Nitazame

Mara ya kwanza aliingia dukani kwangu akipiga makofi. Nikajua leo nimeletewa kichaa. Ninauza samani zilizotumika: viti, meza, makabati, na mazulia ya ofisi zinazohama. Yeye akasimama katikati ya duka, akapiga kofi moja, akatega sikio. Akasogea kwenye rundo la mazulia, akapiga jingine.

"Dada, hapa hatufundishi ngoma."

"Natafuta zulia linalomeza sauti, mama."

Akalivuta moja zito la kijivu, akaanza kulisema vibaya. "Hili lina doa."

"Doa linaingia sikioni?"

Akacheka, lakini bei hakupandisha hata kidogo. Biashara nilijifunzia barabarani, nilianza na viti viwili vilivyovunjika miguu, na wapunguza bei ninawajua. Wapo wanaolia shida, wapo wanaoitukana bidhaa, wapo wanaojifanya wanaondoka. Huyu alifanya yote matatu bila haya, kisha akarudi, akakaa kwenye kochi ambalo ninaliuza, akanieleza habari za chumba chake.

Alikuwa akifundisha watoto wanaohitaji msaada wa ziada katika shule iliyo mwisho wa mtaa wetu. Walimpa chumba kilichokuwa stoo: juu bati, chini saruji. Kiti kikiburutwa ni kama msumeno. Mtoto mwenye masikio hafifu akikaa mle, maneno yote yanamfikia yamechanganyika kama uji ulioingia mchanga.

Hapo nikaacha kutaja bei. Nina mjukuu, binti wa mwanangu, ninayemlea mwenyewe, na alikuwa anasoma shule hiyo hiyo. Anasikia nusu nusu. Walimu wake walikuwa wananiambia ana kichwa kizito, nami nilikuwa ninawauliza kama wamekipima kwa kilo.

Tukakubaliana. Zulia siuzi, ninaliazima. Litakaa chumbani kwake maadamu mjukuu wangu anakaa juu yake. Mapazia mazito mawili nikamwongezea kwa masharti yale yale. Tukapeana mikono. Hakuna aliyemwonea mwenzake huruma, na ndivyo ninavyopenda.

Watoto walimwita Mwalimu Nitazame, kwa sababu hafungui mdomo kabla hujamtazama. Baba yake alikuwa fundi mwashi asiyesikia kabisa. Kwao, kumsemesha mtu aliyekupa mgongo huku amebeba matofali ni kumtafutia ajali, basi watoto wote walikua wakimzunguka mtu hadi wamwone macho ndipo waseme. Alivyofika kwenye ualimu akashangaa kukuta watu wazima wanauhutubia ubao.

Mwalimu akampangia mjukuu wangu mambo matatu tu. Akae mbele, upande wa sikio lake zima. Mwalimu wa darasa asiseme huku ameangalia ubaoni. Na maneno magumu ya somo la kesho apewe leo, ili kesho akiyasikia nusu, nusu nyingine awe nayo kichwani. Hili la tatu ndilo lililomfungua mtoto. Jioni ninapiga viti msasa, yeye ananijaribu.

"Bibi, usanisinuru ni nini?"

"Ugonjwa wa ngozi."

"Bibi! Ni jinsi majani yanavyojitengenezea chakula!"

"Heri yao. Sisi tunapika."

Mtihani ulipokuja, akapita vizuri. Nikaitwa kwenye kikao cha tathmini. Nilikwenda na gauni langu la kupokelea pongezi.

Mkuu wa shule alikuwa kwenye kiti nilichomuuzia mwenyewe, kwa bei niliyoitaka mimi. Mwalimu Nitazame amekaa pembeni, mikono amefumbata.

"Hongera, bibi. Mtoto amepona."

"Kwani alikuwa anaumwa?"

"Nina maana amefikia kiwango. Tunamtoa kwenye msaada, yeye na wenzake wawili. Wageni wa ofisi ya elimu wanakuja kukiona chumba, tutawakabidhi vyeti mbele yao."

"Mkuu," mwalimu akasema, "mtihani aliufanyia wapi?"

"Si hapa hapa shuleni?"

"Aliufanyia chumbani kwangu. Juu ya zulia, pazia limefungwa, maelekezo ninayasoma mimi nikimtazama. Tumempima mtoto pamoja na msaada wake. Ukiuondoa, alama zile si zake tena. Mpime kwanza kule darasani, ndani ya zile kelele."

"Mwalimu, msaada usiokwisha ni msaada gani? Wageni wataniuliza wangapi wameingia, wangapi wametoka. Niwaambie chumba chako ni stendi isiyo na basi?"

"Waambie wangapi wanalielewa somo."

"Hiyo haina safu kwenye ripoti."

Maisha yangu yote nimeuza meza, na sijawahi kuona mtu anaing'oa meza miguu kwa sababu imesimama vizuri. Hawa walikuwa wamesoma hadi vyuo, na ndicho walichokuwa wanakifanya, tena kwa sherehe!

Mkuu akamwinamia mwalimu, akalainisha sauti. "Nafasi ya unaibu iko wazi, unajua. Usijiharibie kwa ajili ya watoto watatu. Weka sahihi."

"Siweki."

Nikaona sasa wanabishana kwa hoja, na hoja pale hazikuwa na mnunuzi. Nikaingilia.

"Mkuu, lile zulia ni langu."

"Zulia gani?"

"Hilo utakalowakanyagisha wageni wako. Mjukuu wangu akitoka leo, na zulia linatoka leo. Na mapazia. Utawapokea juu ya saruji, na mwangwi wa bati ukiwaziba masikio waambie ndiyo ripoti."

Mwalimu akanishika mkono. "Mama, zulia liache. Mle ndani kuna watoto wengine."

"Mwanangu, nyamaza nikufanyie biashara."

Mkuu hakuhitaji muda. "Basi, bibi. Wa kwako abaki. Wale wawili watoke."

Nikampa mkono. Bei nzuri ikitajwa, unaifunga kabla mtu hajaghairi.

"Na wale wawili?" mwalimu akauliza.

"Wazazi wao hawakuja."

"Mama wa yule mmoja anasafisha hospitali kila asubuhi! Kikao umekiweka asubuhi!"

"Tuliwaita," akasema mkuu, akainuka kutuonyesha mlango.

Wageni wakaja, wakavua viatu, wakalisifu zulia. Watoto wawili wakapigiwa makofi, wakapewa vyeti vyenye utepe, wakarudishwa kwenye viti vya nyuma vya darasa lenye watoto waliojaa hadi madirishani. Muhula uliofuata mtoto wa yule msafishaji akaanguka vibaya, na kwenye ripoti yake wakaandika kwamba ameacha juhudi. Soma tena hapo. Wamemnyang'anya fimbo ya kutembelea, kisha wanamwita mvivu kwa kuanguka. Unaibu akapewa mwalimu mwingine, mwenye kalamu nyepesi.

Mwalimu Nitazame akarudi dukani. Safari hii hakupiga makofi. Alisimama hadi nikamtazama.

"Mama, uliuza wawili ukanunua mmoja."

"Nilinunua wangu. Wale hawakuwa mali yangu niwauze."

"Ndiyo maana mkuu alikupa mkono haraka vile. Ulimpunguzia kazi."

Akaenda kwenye rundo, akavuta zulia jingine. "Nataka hili, la darasa lile wanamokaa wale wawili, nyuma."

Nikataja bei. Akalia shida, akalitukana zulia, akajifanya anaondoka. Nikamwita akiwa mlangoni.

"Chukua bure. Ila kikao kijacho nijue mapema, na kiwe jioni. Mama msafishaji nitamleta mimi, na mzazi wa yule mwingine nitamvuta hata kwa mkokoteni. Mtoto mmoja hatoshi kunifungia mdomo tena."

"Jioni mkuu hatakubali."

"Kiti chake kimelegea mguu. Atakuja hapa."

Basi hesabu imekaa hivi. Mkuu amepata picha zake na wageni. Mwalimu amepoteza unaibu, na chumba bado anacho. Mimi nimepungukiwa mazulia mawili, na jioni bado ninaulizwa maneno ya kesho. Mtoto wa msafishaji amepata cheti. Mama yake amekitundika ukutani, juu ya kitanda, na mwanawe hadi leo analifuata somo kwa kuangalia wenzake wamefungua kitabu ukurasa gani.