Binti wa dobi na shati la kaka yake

Asubuhi hii maji yana ubaridi wa kung'ata vidole, na binti wa dobi ameinama juu ya beseni la tatu. Anasugua kola ya shati la mteja, analiinua kwenye mwanga, analigeuza ndani nje, kisha analichungulia mshono kwa mshono. Mama yake, anayekamua mashuka kando yake, anaangua kicheko.

"Wewe unafua au unapeleleza? Mwenyewe analifuata jioni, wewe bado unalihoji!"

Mtaani mama huyo anaitwa Mama Povu, na anajulikana kwa majigambo yake ya miaka mingi: hakuna doa lililowahi kumshinda. Binti naye wamembandika jina la Mpelelezi tangu alipoingia chuoni kusomea uchunguzi wa jinai kisayansi, elimu ya kusoma damu, nyuzi na alama za vidole. Asubuhi anafua, mchana yuko darasani. Ada inatoka kwenye mabeseni haya haya.

Ukiwasikia wakitaniana, hutadhani nyumba hii ina msiba usiokwisha.

Miaka sita iliyopita kaka yake, kifungua mimba wa Mama Povu, alichomwa kisu njiani akirudi kutoka kazini. Waliomwona kwa mbali walisema alipambana, na aliyemchoma alikimbia mkono wake mwenyewe ukivuja damu. Kijana alifia hospitalini. Mama akakabidhiwa nguo zake kwenye mfuko wa plastiki, akarudi nazo nyumbani.

"Nililiona lile shati jeupe, nikasema mwanangu hawezi kuachwa mchafu hivi," ananisimulia. "Nikalitia maji baridi, maana damu ukiitia maji moto inang'ang'ania. Nikafua huku nalia. Lilitakata, baba, utadhani limetoka dukani."

Wapelelezi walipolifuata, walilikuta limepigwa pasi na kukunjwa. Mmoja alijishika kichwa. Walisema shati lililofuliwa halina la kusema, wakaliacha pale pale. Mtu waliyemshuku, mwenye bandeji mkononi, alidai amejikata na chupa. Akaachiwa. Mpaka leo anapita mtaa huu, na wakati mwingine anasalimia.

Binti alikuwa bado sekondari. "Sikumlaumu mama. Nani angemlaumu? Nilijiuliza tu, ile damu ilikuwa inataka kusema nini?"

Swali hilo halikumwacha alale. Kemia, somo alilokuwa akilikimbia, akaanza kulifuata mwenyewe. Alimsumbua mwalimu hadi akachoka naye. Wenzake walipochagua uhasibu na ualimu, yeye alichagua kazi ambayo shangazi yake aliiita "kuchokonoa wafu".

Mwaka jana mhadhiri aliwaambia kwamba nguo kufuliwa mara moja si lazima kufute kila kitu, kwamba chembe za damu zinaweza kujificha ndani ya mshono. Binti hakusubiri kipindi kiishe.

"Nilikimbia mpaka nyumbani. Nikafungua sanduku la mama. Shati lipo! Nikalisogeza puani." Anafuta mikono kwenye kanga. "Lilikuwa linanukia sabuni."

Mama Povu alikuwa akilifua kila mwezi.

"Nguo ikikaa sana sandukuni inavunda," anaeleza taratibu. "Halafu, nilikuwa sina kitu kingine cha kumfanyia."

Binti alikaa sakafuni akalia, na ikambidi aseme sababu. Siku hiyo chakula hakikulika. "Majuto ni mjukuu, wanasema," anasema mama. "Huyu wangu amekuja na mizigo yake, anaishi humu humu."

Tangu hapo shati liko kwenye mfuko wa karatasi juu ya kabati, na hakuna anayeligusa. Mhadhiri ameahidi kuwasaidia kuomba lipimwe maabara, ila amewaonya wasijipe matumaini makubwa. Kufuliwa kila mwezi kwa miaka mitano: binti anaijua hesabu hiyo kuliko mama yake, na inamuuma.

Akihitimu anataka kazi ya maabara. Kabla ya hapo, anataka kuzungukia wodi za majeruhi na kuwaomba wauguzi wasimpe tena mzazi mfuko wa nguo bila kumwambia chochote. "Wangemwambia neno moja tu: mama, usifue. Basi."

Mteja anaingia na kitambaa cha meza chenye doa kubwa, anauliza kama litatoka. Mama Povu analitazama, anasema atajaribu. Mteja anapoondoka, namuuliza mbona leo hajajigamba.

Anaitazama mikono yake iliyokunjamana kwa maji.

"Siku hizi nimeacha," anasema. "Naomba Mungu tu, doa moja liwe limenishinda."