Harusi Mbili Ndani ya Dividii Moja

Mpwa wangu Mize anapiga video za harusi upande wa wanawake, hapa Konde. Upande huo mwanamume haingii, na video yake mwanamume haitazami. Kwa hiyo Mize anapiga mwenyewe, anakata mwenyewe, anachoma dividii mwenyewe. Mie kazi yangu ni kukaa barazani pake na kunywa kahawa yake, nikisikiliza yanayotoka dirishani. Kwa masikio yangu haya nimehudhuria harusi nyingi kuliko kadhi.

Ndiye aliyechoma harusi za mabinti wa Masoud. Masoud ni mnunuzi wa karafuu, ana wake wawili, Bi Kauthar mkubwa na Bi Asya mdogo. Mie nina mmoja na ananitosha mpaka kooni, lakini hayo yaacheni. Masoud aliwaoza mabinti wawili, wa mama huyu na wa mama yule, kwa siku mbili zilizofuatana, kila mmoja nyumbani kwa mamaake. Na kwa kuwa kila kitu kwake huenda sawa kwa sawa, khanga kwa khanga, chupa ya chai kwa chupa ya chai, akaagiza harusi zote mbili ziingie kwenye dividii moja.

“Nikitoa mbili,” aliniambia, “kutwa itakuwa ya nani ina jalada zuri.”

Shida ikawa hapo. Kila mama alikuwa na video ya saa mbili. Dividii moja, ukitaka picha safi, inabeba kama saa moja, ukivumilia, mbili. Saa nne ni kushindilia. Nyie ambao hamjui kompyuta, nami naijua vizuri sana, fikirieni gunia la karafuu. Unaweza kushindilia kwa miguu mpaka ziingie zote, lakini ukifungua utakuta vikonyo na unga. Zipo dividii nene zinazobeba takriban mara mbili, Mize alitafuta mpaka Chake, lakini deki ya Masoud ilizitema zote.

“Punguzeni,” Mize akawaomba. “Saa moja moja, picha itakuwa kioo.”

“Aanze mwenzangu,” alisema Bi Kauthar.

“Aanze yeye, si ndiye mkubwa?” alisema Bi Asya.

Hakuna aliyetoa hata dakika ya mtu anayekohoa. Mize akagawa dividii katikati, nusu ya huyu na nusu ya huyu, akashindilia, akachoma, akapeleka.

Kesho yake Bi Kauthar akaja. Viatu vyake nilivisikia kabla ya salamu.

“Mize! Mwenzangu umempa nini?”

“Sijampa kitu, Bi Kauthar. Karibu ukae.”

“Sikai! Binti yake anaonekana mpaka hina ya kidole kidogo. Wangu uso umekatikakatika vigae! Shoga zangu wote vigae tupu, wanakata viuno kama sakafu iliyobomolewa. Keshakuhonga nini yule?”

“Wallahi mmepata nafasi sawasawa.”

“Sawa ipi hiyo? Mwanangu ataolewa tena ndiyo umpige vizuri? Basi nyumba zote tatu zilizokuwekea nafasi baada ya Idi nazijua. Naanza na ya kwanza, kwa Bi Asma, jioni hii hii.”

Hapo sikucheka. Nyumba zile tatu ndizo zilizokuwa zimlipie Mize kamera mpya, na mdomo wa Bi Kauthar ukishaingia nyumba, hata paka wa humo hatokupokea.

Mize akajitahidi kueleza. “Bi Kauthar, nisikilize. Picha iliyotulia inakula nafasi kidogo. Picha inayorukaruka inakula nyingi. Kwako watu walicheza ngoma ya kidumbaki tangu mwanzo mpaka mwisho. Kwa Bi Asya walikaa. Nafasi ile ile kwake ilitosha, kwako ikapasuka.”

Sauti ya Bi Kauthar ikabadilika, ikawa tamu ghafla. “Walikaa?”

“Walikaa.”

“Kama kwenye hitma ya marehemu?”

“Mie sijasema hitma.”

“Nimesema mie!” Akacheka mpaka nikamwagikiwa na kahawa. Sasa, kutoka baraza ya Mize mpaka kwa Bi Asya si mbali, na mie siku hiyo miguu ilikuwa inahitaji kunyooshwa. Nilifika, nikasalimia, nikamwambia tu kwamba mwenzake anaisifu harusi yake kwa utulivu, kama wa hitma. Kitu kizuri, utulivu.

Bi Asya hakuvaa hata viatu vinavyofanana. Aliingia kwa Mize mwenzake bado yumo ndani, nami nikarudi pangu barazani.

“Hitma ya nani, Kauthar?”

“Picha ndiyo inayosema, mwenzangu, si mie.”

“Basi picha iseme yote! Ile ngoma yako ya nusu saa, mwanamke mmoja yule yule, gauni moja lile lile, nani anaitaka? Mize, ikate!”

“Na wewe ule msururu wa mashangazi wanaotafuna biriani? Mize, uondoe wote!”

Watu husema lililofuata lilikuwa wazo la Mize. Msiwaamini. Nilikohoa dirishani kwa namna maalumu, na mpwa wangu ana akili za kwetu.

“Haya,” alisema Mize. “Vuteni viti. Bi Kauthar, hii harusi ya Bi Asya, kata usilolitaka. Ukimaliza, yeye atakata yako.”

Wallahi sijasikia wanawake wakifanya kazi kwa furaha kama ile. “Toa huyo!” “Na huyo aliyefunga kilemba cha njano!” “Mama wa bi harusi mwenyewe umemtia mara tano, moja inamtosha!” Mashangazi wakaondoka na sinia zao. Kidumbaki kikabaki kipande, lakini kipande kile kitamu. Mabinti peke yao ndio hawakuguswa. Kila mmoja wao anamwita mke mwenza wa mamaake mama mkubwa au mama mdogo, na hakuna mama aliyetaka kuonekana anamkata mtoto.

Magharibi inakaribia, saa nne za video zimekuwa saa moja na kidogo. Mize akaichoma palepale, akaitia kwenye deki yake, na kwa kelele za humo ndani nikajua binti wa Bi Kauthar amepata uso.

“Mashallah,” alisema Bi Asya, na alisema kweli, kwa sababu neno lilimchukua muda kutoka.

“Wako pia mzuri,” alisema Bi Kauthar. Kisha akashusha sauti. “Mize, mwanangu, yake imebaki ndefu kiasi gani?”

“Sawa na yako.”

“Sawa kabisa?”

“Kabisa.”

“Basi toa kidogo.”

Mize akaitoa dividii kwenye deki, akaitia kwenye jalada, akanipa dirishani. “Mjomba, mpelekee Masoud sasa hivi. Na usipite popote.”

Nilipita kwa Bi Asma tu, ile nyumba ya kwanza kati ya zile tatu, kumwambia awahi nafasi yake, maana mpwa wangu ana kazi nyingi.