Mkate Ambao Baba Hakuuoka

Simu ya Bishoi ilinikuta kwenye foleni ya mkate, kadi ya serikali mkononi, wanawake watatu wakiwa wamebaki mbele yangu.

“Marsa, toka kwenye foleni,” kaka yangu alisema. “Baba ametutoka.”

Nilimjibu upuuzi. Nilimwambia asubiri, zamu yangu imekaribia. Mama Sayyid, jirani yetu aliyekuwa nyuma yangu, ndiye aliyeichukua ile kadi vidoleni mwangu. “Nenda, mwanangu. Mkate wenu nitauleta mimi.”

Baba yangu, Wanis, alikanda unga katika tanuri lile lile la serikali nililopangia foleni, miaka thelathini na miwili. Hiyo ilikuwa kazi ya kutulisha. Kazi aliyoiita yake ilikuwa ya alfajiri ya Jumapili: kuoka mkate wa Misa katika chumba kidogo kando ya kanisa letu, akiimba zaburi huku unga ukiumuka. Mkate huo hauokwi nyumbani wala hauletwi kutoka mjini. Huokwa pale pale, siku ile ile, na mwokaji awe hajatia kitu kinywani.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu kanisa lilipofungwa. Lilikuwa nyumba ya matofali ya udongo isiyo na kibali, kama makanisa mengi ya huku Misri ya Juu. Watu wa usalama walikuja na mnyororo wakasema wanatulinda. Abuna Bakhum, padri wetu, akatutaka tukasali kijiji cha jirani. Wazee wengine walimsihi baba aoke nyumbani ili Misa isomwe sebuleni kwa mtu.

“Sebuleni kwa nani?” baba aliuliza. “Kwako, anakolala mbuzi?”

“Wanis, Mungu anaelewa.”

“Najua anaelewa. Mimi ndiye sielewi. Nirudishieni chumba changu.”

Kwa miaka kumi na mmoja alikwenda ofisini mjini kila mwezi, faili kwapani. Nilipomaliza sekondari nikawa naandamana naye, nimsomee karatasi. Siku moja ofisa alimwona mlangoni akatikisa kichwa.

“Mzee, wewe tena? Kibali cha nini leo?”

“Kile kile, bwana mkubwa. Kanisa na tanuri lake.”

“Si unafanya kazi tanuri la serikali? Wapelekee Wakristo wako mkate wa huko. Bei nafuu!”

Wenzake wakacheka. Baba naye akacheka, na kicheko hicho kinaniuma mpaka leo. Kwenye ngazi nilimwuliza kwa nini.

“Nikinuna, binti yangu, faili langu linarudi chini kabisa.”

Kisha akaja Fawzi. Alikuwa Mkristo mwenzetu, mzaliwa wa mtaa wetu, aliyetajirika kwa kandarasi za barabara. Ramadhani moja alialikwa kufuturu meza moja na gavana, wakazungumza. Siku ya ishirini baada ya futari hiyo kibali kilikuwa mkononi mwa Abuna. Nilipiga magoti nikamshukuru Mungu. Lakini nikiwa bado magotini nilimwuliza, ile miaka kumi na mmoja ya baba iliingia sikio gani? Mungu anisamehe, bado namwuliza.

Kanisa la zamani lilibomolewa pamoja na chumba cha tanuri. Likajengwa jipya, lenye minara miwili, sakafu ya marumaru, na jiwe la ukutani lenye jina la gavana juu na la Fawzi chini. Simsingizii Fawzi ubaya. Alinunua tanuri la gesi linalong'aa, akaja mwenyewe nyumbani kwetu.

“Ami Wanis, mkate wa kwanza ni wako. Nani mwingine?”

Tangu siku hiyo baba alilala na muhuri wake chini ya mto, ule wa mti wenye misalaba aliokuwa akiugandamiza juu ya unga. Alikuwa tayari anakohoa. Alitaka jambo moja tu, aoke mara moja humo ndani kabla hajafa.

Kanisa likakamilika, likakaa limefungwa. Lilimngoja gavana aje kukata utepe. Tarehe ya kwanza alisafiri. Ya pili alikuwa na mgeni.

“Tusali tu, Fawzi,” baba alimwambia.

“Ami, aliyetupa kibali tuanze bila yeye? Atatuonaje?”

“Na Mungu anatuonaje?”

“Mungu ana subira.”

“Mimi sina. Kifua kimekwisha.”

Nilikwenda kwa Abuna. Aliniambia askofu ameshamwahidi gavana kwamba yeye ndiye atakayefungua, tungoje. Nikamwambia, “Abuna, walipotuchukia tulifungiwa. Leo wanatupenda, mbona bado tumefungiwa?”

“Punguza sauti,” alisema, akimtazama askari aliyekaa mlangoni pa kanisa.

Tarehe ya tatu ilikuwa Jumatatu. Baba alifariki Alhamisi iliyotangulia.

Huku maiti hailazwi, huzikwa siku ile ile. Bishoi alikimbia kwa Fawzi kuomba kanisa lifunguliwe kwa saa moja tu. Fawzi alilia, na machozi yake yalikuwa ya kweli, lakini ufunguo hakuwa nao. Watu wa usalama walikwisha kukagua ndani kwa ajili ya gavana. Mtu akiingia, wangekagua upya, na siku ingeahirishwa tena.

Kwa hiyo tulimsalia barabarani. Wana wa Mama Sayyid walitandika mikeka. Jeneza liliwekwa juu ya mabenchi mawili mbele ya mlango wa kanisa, utepe mwekundu ukiwa umefungwa nyuma yake. Askari alisogeza kiti chake kutupisha. Bishoi aliweka muhuri kifuani pa baba. Abuna akautoa, akaubusu, akautia mfukoni. “Jumatatu tutauhitaji,” alisema.

Tulimpeleka makaburini, ukingoni mwa jangwa, kwa gari la Fawzi. Wanaume wanne walimwingiza ndani ya kaburi letu, lililojengwa kama chumba. Abuna alinyunyiza udongo kwa alama ya msalaba, akasoma sala ya mwisho. Mwashi akaziba mlango wa kaburi kwa matofali, nasi tukasimama mpaka alipoweka la mwisho. Nyumbani tulikuta mkate wa serikali mezani, umefunikwa kwa kitambaa cha Mama Sayyid. Tukaumega, tukala.