Fundi wa Kibara anayechora injini kabla ya kuifungua

Saa mbili asubuhi, Kibara, wilayani Bunda. Mashine ya boti imefungwa kwenye gogo mbele ya kibanda cha Felisian Mugeta, na spana zimepangwa juu ya gunia. Felisian hazigusi. Anachukua chaki na kusogelea bati alilolipaka rangi nyeusi na kuliegesha ukutani.

Katikati anachora duara na kuandika ndani yake: INAZIMIKA. Kutoka kwenye duara anavuta matawi matatu: mafuta, moto wa plagi, maji ya kupooza.

"Fundi, mimi nimeleta mashine, sijaleta daftari," anasema Matrida Shida, mwenye mashine hiyo, anayemiliki boti mbili za kuvulia dagaa.

"Mama, nipe dakika tano. Inakataa kuwaka, au inawaka halafu inazimika?"

"Inawaka vizuri. Tukienda kidogo inakufa. Tukikaa, inawaka tena."

"Maji yanatoka nyuma?"

"Yanatoka."

Felisian anafuta tawi la maji. La moto analiacha kwanza. Kwenye tawi la mafuta anaongeza vijitawi: tangi, bomba, chujio, kabureta. Pembeni ya neno tangi anachora tundu dogo, anatua chaki na kwenda kufungua mfuniko wa tangi. Anaupuliza. Hewa haipiti, tundu limezibwa na tope lililokauka. Hewa isipoingia tangini, mashine haivuti mafuta.

Anazibua kwa waya. Baada ya muda mashine inanguruma, mguu wake ukiwa ndani ya pipa la maji, na wanasubiri nusu saa nzima. Haizimiki. Kabureta haijaguswa.

"Zamani ningekuwa nimeshaimwaga yote chini," anasema Felisian, 46, ambaye amefanya kazi hii kwa miaka 22.

Hakuanza kuchora kwa kupenda. Mwaka 2022 alianguka na pikipiki kwenye barabara ya Bunda, akaumia kichwa na kulazwa siku tisa. Alipotoka, mikono yake ilikuwa na ujuzi uleule, lakini mambo ya muda mfupi uliopita yalikuwa yanampotea.

"Mashine niliyotengeneza mwaka 2009 nakumbuka mpaka rangi yake," anasema. "Lakini klipu niliyoshika sasa hivi, sijui kama nimeikaza."

Miezi mitatu baadaye alitengeneza mashine ya mvuvi aitwaye Nyamhanga, na klipu ya bomba la mafuta hakuikaza. Bomba lilichomoka boti ikiwa mbali ziwani na watu wanne ndani. Petroli ilimwagika, mashine ikafa. Walipeperushwa tangu asubuhi hadi saa nane mchana, boti nyingine ilipowavuta. Hakuna aliyeumia.

"Alikuja hapa, hakunitukana," Felisian anakumbuka. "Aliniuliza tu, 'Fundi, ulitaka tufe?' Afadhali angenitukana."

Siku hiyo alifunga kibanda. Yeye aliyekuwa akipokea mashine saba au nane kwa wiki alikwenda kulima mihogo na mkewe, Yuliana.

Yuliana hakukubali yaishie hapo. Alimwandikia orodha ya mambo 23 ya kukagua. "Alikuwa anafikaga namba kumi na moja, mtu akimsalimia tu, anaanza upya," anasema. "Mara ya nne akaichana."

Desemba ya mwaka huo alikuja likizo Pelagia, mke wa kaka yake Felisian, mwalimu wa sayansi mjini Bunda. Alimkuta shemeji yake amekaa, akamwomba amweleze mashine inavyofanya kazi. Felisian akaeleza, Pelagia akawa anachora kwenye boksi: jambo kuu katikati, mengine yakitoka kama mizizi. Alimwambia hiyo inaitwa ramani ya mawazo, na wanafunzi wake huitumia kujisomea.

"Kwenye orodha, klipu ilikuwa namba kumi na nne tu," anasema Pelagia. "Kwenye mchoro imeshikana na bomba, bomba limeshikana na tangi. Akipotea, anafuata mstari anarudi."

Ramani ya kwanza aliyochora Felisian mwenyewe ilimshinda kuisoma. Alijaza sentensi nzima kila mahali. Pelagia aliitazama akacheka.

"Shemeji, huu ni msitu. Tawi moja, neno moja. Panapofaa picha, weka picha."

Kisha akampa kazi: kila asubuhi achore ramani yote bila kuangalia, ndipo ailinganishe na ile ya kwenye boksi, na alichosahau akiandike kwa rangi nyekundu. Wiki ya kwanza, nusu ya ramani ilikuwa nyekundu. Kufikia Februari palibaki sehemu tatu, na moja ilikuwa klipu ileile.

Jambo la pili alilibuni mwenyewe. Kila anachokaza anakitia alama kwenye mchoro papo hapo, kabla ya kuachia spana. Mtu akimwita katikati ya kazi, akirudi haulizi kichwa chake. Anauliza bati.

Mteja ambaye Felisian alimwogopa kuliko wote alirudi mwezi Machi, kibanda kikiwa kimefunguliwa tena. Nyamhanga aliitua mashine chini akasimama pale mpaka kazi ikaisha. Halafu akasema, "Kama umeifunga vizuri, panda twende."

Felisian alipanda. Walikwenda hadi nyumba za Kibara zikawa hazionekani, na huko Nyamhanga akazima mashine kwa makusudi.

"Nilijua ananipima," anasema Felisian. "Nilifumba macho nikaipitia ramani yote, tawi moja moja. Nikamwambia, vuta kamba."

Iliwaka mara ya kwanza. Wakarudi ufukweni. Kesho yake Nyamhanga alimletea mashine yake ya pili.

Siku hizi Felisian hupokea mashine tano kwa wiki, na hazidishi. Anasema kuchora hakujamponya. Bado husahau majina ya watu na mara nyingine hufika dukani asijue alichotumwa.

Sasa anajiandaa kwenda Musoma kufanya mtihani wa ufundi, ili kwa mara ya kwanza awe na cheti. Vitendo havimtishi. Kinachomtisha ni karatasi ya maswali, kwa kuwa aliishia darasa la saba na hajawahi kufanya mtihani tangu aumie.

"Nimeshauliza, wanaruhusu karatasi ya kuandikia mambo yako pembeni," anasema. "Wengine waanze kujibu, waniache kwanza nichore. Nikimaliza nitawakuta."